Kufunga si Kung'oa

Wenzangu wa kalamu, kuna swali limenikaa kooni muda mrefu, na naona heri nilitoe hapa kuliko kufa nalo. Swali lenyewe ni hili: mtu akiondoa kitu kwa sababu hakimlipi leo, ana deni lolote kwa watu ambao bado hawajazaliwa? Au aliye hai ndiye mwenye mali yote, na atakayekuja atajua mwenyewe?

Najua wengine mtasema hilo ni swali la watu walioshiba. Ngojeni kwanza. Mimi sikulipata kitabuni. Nimelipata kwenye stesheni ya reli.

Stesheni ninayoisema ilikuwa Nachingwea. Mimi ni mtoto wa Nandagala, upande wa Ruangwa, ambako zamani kote kulikuwa kunahesabiwa Nachingwea kabla wilaya hazijagawanywa. Nimemaliza kidato cha nne, sasa nakaa Mbagala kama watu wengi wa kusini wanaokuja Dar es Salaam, mchana natafuta riziki na usiku naandika riwaya ambayo sijui itaisha lini. Ndani ya riwaya hiyo kuna kijana anayeshuka kwenye garimoshi Nachingwea mwaka 1955. Nilipowasomea jamaa zangu wa kijiweni ukurasa huo, walicheka mpaka wakashika mbavu. "Treni Nachingwea? Bwana, hiyo hadithi ya kutunga imepita kiasi!"

Haikuwa ya kutunga. Nachingwea ilikuwa na reli kweli, na mabehewa, na mkuu wa stesheni. Kilichonishtua si kicheko chao. Kilichonishtua ni kwamba vijana wa kusini wenyewe, wenye kwao huko huko, hawakuwa na habari. Yaani kitu kilichojengwa kwa mamilioni ya pauni kimefutika mpaka kikitajwa kinaonekana uongo.

Basi tuanze na historia, maana ukitaka kuhukumu lazima kwanza ujue kesi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Watu wa London walikuwa wakipewa siagi kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, akatoa wazo kwamba Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine, karanga zikakamuliwe mafuta kule Ulaya. Serikali ya Uingereza ikatuma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Ripoti yao ilitaja mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya ekari milioni 3. Mashamba 80 kati ya hayo yalikuwa yawe Tanganyika, na sehemu kubwa kuliko zote ilitarajiwa huku kwetu kusini. Vituo vikubwa vikawa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Sasa kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kina kirefu. Karanga zote hizo zingetokaje? Ndipo ikaamuliwa ijengwe bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Kwa kuwa bandari ilichelewa, walianza na Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, na mwaka 1949 treni za kutoka huko zikaanza kufika Nachingwea. Baadaye njia ya Mtwara ikaja kuungana na ile ya Lindi pale Ruo. Bandari ya Mtwara yenyewe ilifunguliwa mwaka 1954.

Angalieni vizuri mwaka huo, 1954. Maana mpango wa karanga ulikuwa umeshakufa tangu Januari 1951. Uharaka ndio uliouua. Walileta matrekta mabovu yaliyobaki vitani, wakageuza vifaru kuwa matrekta, wakafunga minyororo ya meli kati ya mashine mbili ili kung'oa msitu. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikagoma kutoka ardhini. Mvua nazo hazikusoma ripoti. Mwisho Serikali ya Uingereza ikafuta kwenye vitabu vyake pauni milioni 36 na nusu. Kwa hiyo reli ya kusini ilikamilika wakati mzigo iliyojengewa umeshazikwa miaka mitatu. Ni kama mtu aliyenunua kitanda cha arusi, bibi arusi akawa ameolewa pengine.

Hata hivyo treni zilitembea. Zilibeba abiria, zilibeba mazao ya wakulima, na kabla ya uhuru likaongezwa tawi la kuelekea Masasi. Lakini hesabu haikukubali. Uhuru ulipatikana Desemba 1961, na haukupita muda, kati ya 1962 na 1963, reli ya kusini ikafungwa. Halafu ikang'olewa. Vyuma viliondolewa, mataruma yakaondolewa, likabaki tuta. Tuta nalo mvua na majembe vinajua kazi yao.

Hiyo ndiyo kesi. Sasa tuwe waadilifu, tuwape nafasi waliofunga wajitetee. Mimi nitawasemea.

Wangesema hivi: "Kijana, reli ile ilikuwa inakula hasara kila mwaka. Ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikulimwa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na njia nyingine zenye mizigo, za Kenya, za Uganda na za Tanganyika yenyewe. Nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, haina madaktari, haina shule za kutosha. Ungetaka tuendelee kulipia treni tupu zitembee msituni ili wewe uje kuandika riwaya?"

Kusema kweli, hoja hiyo ina mifupa. Ningekuwa mimi ofisini mwaka 1962, nina mafaili mawili mezani, moja la reli ya hasara na jingine la shule za watoto, nadhani na mimi ningefunga reli. Kwa hiyo wasomaji wanaosubiri niwatukane wazee wale, mtasubiri sana. Kwenye kufunga siwalaumu.

Shauri langu linaanzia kwenye kitenzi cha pili: kung'oa.

Tutazame kilichotokea baada ya hapo. Wakati vyuma vinang'olewa, wakulima wa Lindi na Mtwara walikuwa wanapanda mikorosho. Mkorosho si mchicha. Unaupanda, unasubiri kama miaka mitatu ndipo uonje tunda, na unasubiri tena miaka kadhaa mpaka uzae kwa nguvu. Hivyo mikorosho mingi ya miaka ile ilikuwa bado midogo ardhini. Miaka kumi tu baadaye, msimu wa 1973/74, Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Nani alizibeba? Malori, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na kwenye tope wakati wa masika.

Mnaona, jamani? Reli iling'olewa kwa sababu haina mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa umeshapandwa, umesimama kando ya njia, una majani mabichi. Ila ulikuwa haujafika umri wa kuingia kwenye daftari la mhasibu. Mhasibu anahesabu kilichopimwa jana. Hana safu ya kuandikia mti unaokua.

Na si korosho tu. Katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO walipewa Nachingwea iwe kambi yao ya mafunzo. Samora Machel mwenyewe alikaa pale, na mwaka 1975 alivuka Ruvuma akaenda kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji. Sisemi kwamba treni ingewasaidia au ingewadhuru, hilo tuwaachie wanajeshi. Ninachosema ni kwamba wataalamu wa 1946 waliona karanga tu, na wahasibu wa 1962 wakaona ukosefu wa karanga tu. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwenye ripoti yake kwamba mji huu mdogo utakuwa shule ya jeshi la ukombozi. Wote walidhani wameshaijua Nachingwea mpaka mwisho wake. Kumbe mwisho ulikuwa haujafika, na mpaka leo haujafika.

Huku nyuma kusini kukabaki kusini. Wakati wa masika, safari ya Dar es Salaam ilikuwa ni kuagana na watu wa nyumbani kama unaenda Makka kwa miguu. Mto Rufiji ulikuwa unavukwa kwa pantoni mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970. Reli ya Nachingwea isingemaliza shida hiyo, maana haikufika Dar es Salaam. Lakini ingetufikisha kwenye bandari yetu wenyewe, Mtwara, ambako meli zinaingia.

Basi hapa ndipo ninapotaka kuweka tofauti, na naomba mnisome polepole.

Kufunga ni kusema: "Leo siwezi." Kung'oa ni kusema: "Hata wewe utakayekuja, hutaweza." Anayefunga anatoa uamuzi juu ya maisha yake mwenyewe. Anayeng'oa anawaamulia watu ambao hawapo kikaoni, hawana mwakilishi, hawawezi hata kunyoosha kidole. Maneno hayo mawili tunayachanganya kila siku kana kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu kwa anayeyafanya matokeo ya siku ile ni yale yale, treni haiji. Lakini kwa mjukuu wake si kitu kimoja hata kidogo.

Na hili sikufundishwa na mwanafalsafa wa Ugiriki. Nimefundishwa na babu yangu mzaa baba, ambaye darasani alikaa miaka miwili tu.

Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba ya mikorosho yakabaki mbali. Halafu bei ikaanguka, halafu ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga unaokausha maua. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata tani zipatazo 16,400 tu. Kutoka 145,000 mpaka 16,400! Kwa hesabu ile ile ya reli, mikorosho ilikuwa hasara tupu. Na wapo waliokata wakachoma mkaa. Babu alilifunga shamba lake, ndiyo neno lenyewe. Hakupalilia, hakwenda kuokota, nyasi zikapanda mpaka kifuani. Lakini hakukata mti hata mmoja. Mjomba mmoja alipomshauri auze miti kwa wachoma mkaa, alimjibu: "Nikiuacha haunidai ugali. Nikiukata, nitadaiwa na hawa," akawaonyesha watoto waliokuwa wanacheza uani. Mmoja wa watoto hao ni baba yangu.

Baadaye ikapatikana salfa ya kupulizia, bei ikafufuka, baba akaingia msituni na panga akalifungua tena lile shamba. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye miti ambayo mtaalamu yeyote wa mwaka 1986 angesema haina faida. Na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Sasa niambieni, nani alikuwa mchumi hodari zaidi: ofisi iliyong'oa reli, au mzee aliyeacha miti isimame kwenye nyasi?

Nilipoyasema haya kijiweni Mbagala, rafiki yangu mmoja tunayemwita Profesa kwa sababu ya kubisha, alinishukia kama mwewe. Nitawaletea hoja zake zote tatu, maana hoja ya mwenzako ukiificha umejidanganya mwenyewe.

Ya kwanza: "Unalilia reli ya mkoloni. Ilijengwa kwa ajili ya siagi ya Waingereza, haikujengwa kwa ajili ya babu yako. Umeahidiwa na nani?"

Jibu langu: ni kweli hatukuahidiwa. Lakini hebu tazama kijijini. Mtu akifyeka njia kwenda shambani kwake, amejifyekea yeye. Baada ya miaka kumi wanapita wachota maji, wanapita watoto wa shule, wanapita wanaopeleka wagonjwa zahanati. Siku akihama, ana haki ya kuipanda miiba ile njia kwa sababu eti ni yeye aliyeifyeka? Mimi naona hapana. Kitu kikishaingia kwenye maisha ya watu, nia ya aliyekianzisha haitoshi tena kuamua kifo chake. Tena waliobeba mataruma na kuchimba tuta walikuwa watu wa huku, Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao. Jasho nalo ni aina ya hati.

Ya pili: "Chuma ukikiacha kinaliwa na kutu, kinaibiwa, kinataka mlinzi. Kuhifadhi ni gharama, na maskini hawezi kuhifadhi kila kitu."

Hapa Profesa alinibana, nakiri. Kutong'oa si bure. Nchi changa ilihitaji hata vile vyuma. Kwa hiyo sisemi kung'oa ni dhambi siku zote. Nasema kung'oa kuna masharti kuliko kufunga, na asiyeyatimiza amewaibia wasiozaliwa. Kama lazima chuma kiondoke, basi ibaki njia: ardhi ipimwe, isigawiwe hovyo, ramani zitunzwe, madaraja na makalavati yaachwe, na iandikwe mahali watu wanaweza kusoma kwamba hapa palikuwa na reli na imeondolewa kwa sababu hizi na hizi. Hicho ndicho kima cha chini. Anayeng'oa na kufuta kumbukumbu ameng'oa mara mbili.

Ya tatu ilikuwa kali kuliko zote: "Hata kujenga ni kuwaamulia wasiozaliwa. Wale wa karanga waling'oa msitu mzima. Mbona hao huwashitaki?"

Nawashitaki pia! Tena Profesa alinisaidia bila kukusudia. Wale walioingia na minyororo ya meli wakaangusha miti kabla hawajajua mvua inanyeshaje, na wale walioingia baadaye wakaondoa reli kabla hawajajua mikorosho itazaa kiasi gani, ni ndugu wa tumbo moja. Ugonjwa wao ni ule ule: kuwa na hakika kupita kiasi kuhusu kesho. Wa kwanza alikuwa na hakika kwamba mali itakuja. Wa pili alikuwa na hakika kwamba haitakuja kamwe. Wote wawili waling'oa.

Wala msidhani tatizo hili ni letu tu kwa sababu ya umaskini. Miaka ile ile, Machi 1963, Uingereza nayo ilitoa ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika lao la reli, iliyopendekeza kufunga stesheni zaidi ya 2,000 na maili zipatazo 5,000 za reli. Stesheni nyingi za miji midogo zikafungwa, na reli nyingi zikang'olewa. Njia moja ya Scotland, kutoka Edinburgh kwenda mpakani, ilifungwa Januari 1969. Watu wa huko hawakuacha kudai, na Septemba 2015 kipande chake cha maili 30 hivi kilifunguliwa tena, kwa gharama inayokaribia pauni milioni 300. Kwa nini ghali hivyo? Kwa sababu hawakufungua mlango uliofungwa, walijenga mlango upya.

Linganisha na hapa nyumbani. Treni ya abiria ya kwenda Moshi na Arusha iliacha kutembea miaka ya 1990. Nyasi ziliota kati ya vyuma, watu wakapitisha mbuzi, wengine wakajenga karibu kabisa na njia. Lakini vyuma vilikuwepo. Desemba 2019 treni ya abiria ikafika tena Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Ilitakiwa kufyeka, kurekebisha, kuunganisha, kazi kubwa lakini inayowezekana, kama ile ya baba yangu na panga lake. Kaskazini walifungiwa, kusini tuling'olewa. Nachingwea ikitaka kufufua reli yake, itafufua nini? Huwezi kufyeka nyasi ukakuta kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo nimejitungia maswali matatu ambayo nadhani kila mtu anapaswa kujiuliza kabla ya kung'oa chochote, awe waziri au mwenye shamba la robo eka. Sababu yangu ni ya mwaka huu, au ni ya siku zote? Atakayeumia yupo hapa aseme, au ninamsemea mimi ninayefaidika? Na nikija kuonekana nimekosea, nani atalipa: mimi, au mtoto ambaye hata jina hajapewa? Majibu yakiwa ni mwaka huu, hayupo, na mtoto, basi funga, weka kufuli, nenda zako. Using'oe.

Ninyi wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, msidhani habari hii ni ya mainjinia peke yao. Wengi wetu wazazi wetu waliacha kuongea nasi Kimwera, au Kingindo, au lugha yoyote ya kwenu, wakasema haileti ajira. Sawa, wamefunga, siwezi kuwalaumu, walikuwa wanatutakia heri. Lakini ikiwa hakuna atakayeandika hata hadithi moja ya bibi, hata jina moja la mti kwa lugha hiyo, basi tumeng'oa, na mtoto wetu atakapoutaka mlango huo atakuta ukuta. Riwaya yako isiyouzika nayo ni hivyo hivyo. Ifunge sandukuni, usiichome. Wewe wa leo si hakimu wa mwisho wa maandishi yako, kama vile mhasibu wa 1962 hakuwa hakimu wa mwisho wa Nachingwea.

Na kuna kazi moja tunayoweza kuifanya ambayo haihitaji bajeti. Wazee waliopanda treni ile wakiwa watoto wanaondoka mmoja mmoja. Ukienda kwenu kusini, msalimie mzee shikamoo, kaa mkekani, muulize stesheni ilikuwaje, nauli ilikuwa kiasi gani, king'ora kililiaje alfajiri. Andika. Chuma hatuwezi kukirudisha, lakini habari zake bado hazijang'olewa zote.

Siku hizi inazungumzwa reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Inazungumzwa kwa miaka mingi sasa, na mimi naitakia heri. Ikijengwa itabeba makaa ya mawe, itabeba chuma, itabeba korosho zetu. Na naamini itafika siku, labda miaka mia kutoka sasa, mtu mwenye tai atafungua daftari akaona haina mzigo wa kutosha. Huenda atakuwa na haki ya kuifunga, siwezi kumkatalia kutoka kaburini. Ila kabla hajaita watu wa kung'oa vyuma, atoke kwanza ofisini, atembee kando ya njia, aangalie kilichopandwa.